Bagamoyo: ni kubwaga moyo au kuuacha?

Mgumu wa Kibosho

Wakuu, habari za jioni. Kwa wasiojua lugha ya mlimani, mgumu ni mpagazi wa Kilimanjaro, wale mnaotuona kwenye picha tukiwapita wageni njiani na mabegi kichwani. Kazi yangu ni hiyo, mwaka wa tisa sasa.

Mwezi wa nne mvua zinapiga, wageni wanaadimika, nikaona nishuke Pwani kumsalimia dada yangu aliyeolewa Bagamoyo. Siku ya tatu nikachoka kukaa barazani kusubiri pweza aive, nikaenda kuzurura Mji Mkongwe. Pale Caravan Serai, jengo la zamani la misafara, nikajibanza nyuma ya kundi la Wazungu ili nisikilize bure. Mtembezaji wao akawaambia jina la mji linatokana na "bwaga moyo". Watumwa wakifika hapa, wakiona majahazi ya kuwavusha kwenda Unguja, walisema: moyo wangu nauacha hapa, mwili ndio unakwenda. Mama mmoja wa Kizungu akaanza kufuta machozi.

Mimi nikakosea, nikauliza kwa sauti: "Kaka, hivi kubwaga ni kuacha?" Akanitazama kama mtu asiye na tiketi, na kweli sikuwa nayo.

Nieleze kwa nini niliuliza. Sisi mlimani tuna vitu viwili: kutua na kubwaga. Kutua unainama taratibu, au unamwambia mwenzako "nitue", anashika upande mmoja, mzigo unagusa ardhi kama mtoto anayelazwa. Kubwaga ni kuondoa kichwa, basi, huko uendako mzigo shauri yako. Nililijua hilo neno kwa gharama. Mwaka wangu wa pili, njia ya Machame, nilipewa kubeba vitu vya jikoni. Nimefika Shira nimechoka, shingo imekufa ganzi, wenzangu wako nyuma, hakuna wa kunitua. Nikabwaga. Ndani mlikuwa na trei mbili za mayai ya wageni. Kiongozi wa msafara alisema mbele ya watu wote: "Mzigo unatuliwa, haubwagwi!" Wakaniita Bwaga mpaka tunashuka.

Sasa tangu siku ile najua kwamba mtu anabwaga kitu ambacho hakimuumizi tena kikivunjika. Moyo je? Mtu anayeupenda moyo wake, anayelilia kwao, ataubwaga? Si angesema "acha moyo" au "zika moyo"? Au moyo hapa ni kitu kingine?

Wajuzi wa lugha na wenyeji wa Bagamoyo naomba mnisaidie. Na kama kuna neno lingine la Kiswahili la mahali safari inapokomea, nilijue pia. Kamusi ya mpwa wangu ina "kikomo" na "kifiko", lakini sijawahi kumsikia mtu akisema "nimefika kifiko changu".

Mjuaji wa Temeke

Swali la darasa la nne hili mkuu. Bwaga moyo, watumwa, kwisha habari. Tulifundishwa sote. Hiyo hadithi ya mayai ndiyo tamu.

Mwl. Mstaafu

Kijana wangu wa Kibosho, usimsikilize huyo wa Temeke. Nimezaliwa Dunda, hapahapa Bagamoyo, nikafundisha Kiswahili miaka 31, na maelezo hayo ya darasa la nne nimeyaandika ubaoni mwenyewe mara nyingi kabla ya kuanza kuyatilia shaka. Kilichonitia shaka ni jambo lilelile ulilouliza wewe.

Tuanze na neno. Mkwezi anabwaga nazi. Mwana mieleka anambwaga mwenzake. Mgombea anabwagwa kwenye uchaguzi. Mtu akichoshwa na uongozi anabwaga manyanga. Katika hayo yote kinachobwagwa ama kilikuwa kimemlemea mtu, ama anataka kishuke. Hakuna anayebwaga mtoto wake kitandani. Ukisema "bwaga moyo", moyo hapo ni ule unaobeba wasiwasi, ule tunaosema "moyo mzito". Kuubwaga ni kuuondolea mzigo, kupumua. Hisia yako ya mlimani imekuongoza vizuri kuliko vitabu vyangu.

Sasa nani alisema? Tazama mji ulikuwa unaishi kwa kitu gani. Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikavuka Ugogo, ikamwagikia hapa. Bidhaa kuu ilikuwa pembe za ndovu. Waliozibeba kwa wingi ni Wanyamwezi, vijana wenye nguvu zao, waliofanya kazi hiyo kwa malipo na kwa sifa. Kwao kijana asiyefika pwani alionekana bado mtoto. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30. Aliyebeba pembe kubwa alijivuna, akaifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ili ajulikane anakuja. Miezi njiani, kiu, simba, ndui, na hongo. Kwa faida ya vijana: hongo haikuwa rushwa wakati huo. Ilikuwa ushuru wa wazi ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake, na Ugogo ndiko ulikuwa mkali zaidi. Neno limeharibika tabia baadaye.

Mtu wa namna hiyo anapoziona kwa mbali minazi ya Bagamoyo anasema nini? Bwaga moyo! Anajiambia mwenyewe. Hapa atalipwa, atavaa nguo ya merikani, atakula samaki, atakunywa. Kuna wimbo wa wapagazi ambao ofisa mmoja wa Kijerumani aliuchapisha enzi zile, na sauti yake ni ya furaha tupu: moyo utulie, mji wa minazi umefika. Huwa nawaambia wanafunzi, watu hawa walibeba meno ya tembo tangu bara ili waje kunywa tembo la mnazi.

Watumwa nao walipita hapa, hilo halikanushwi. Lakini bandari kubwa ya kusafirishia watumwa katika mwambao wetu ilikuwa Kilwa Kivinje, waliotoka njia za Ziwa Nyasa. Bagamoyo ilijengwa na pembe.

Kuhusu "w" ya "bwaga" iliyopotea kwenye "Bagamoyo", msihangaike nayo. Sikilizeni mtu akisema "bana" badala ya "bwana". Mdomo wenye haraka humeza "w" iliyosimama baada ya "b".

Mwana wa Mvita

Mwalimu umesema kweli, nami naongeza ya huku kwetu Mombasa. Nyanyangu hakuwahi kufika Bagamoyo hata siku moja, na neno hili alikuwa nalo mdomoni. Babangu alikuwa baharia. Chombo kikichelewa, nyanya halali. Siku mwanawe anapoingia mlangoni atakaa chini, avue ushungi, aseme: "Haya, sasa n'mebwaga moyo." Ndipo anapoitisha chai. Hakuna mtumwa wala mpagazi hapo. Ni mama aliyepata habari njema.

Ila mimi n'na jambo jingine, ndugu yangu wa mlimani, kwa vile umetaja kutua na kubwaga pamoja. Mimi hutunga mashairi kidogo. Mshororo wa mwisho wa ubeti tunauitaje? Ukiwa unarudi uleule kila ubeti, ni kibwagizo. Ukiwa haurudi, unabadilika ubeti kwa ubeti, wengine huuita kituo. Kibwagizo kina "bwaga" tumboni. Kituo kina "tua". Washairi wamechukua maneno mawili ya mahamali, yaleyale mawili yako, wakayatia mwishoni mwa ubeti, mahali pumzi inapokata.

Miaka yote nimetunga sikuwahi kuyatazama hivyo. Leo ndio nimeyaona, kwa sababu ya mayai yako.

Mwl. Mstaafu

Hapo umenifunza, Mwana wa Mvita. Nami nikuongezee kwenye "tua", maana limezaa ukoo mkubwa. Ndege anatua, jua linatua, mzigo unatuliwa. Kisha tukapata tulia, tuliza, utulivu. Kila mnaposema "kituo cha basi", "kituo cha polisi", "kituo cha afya", mnamtaja mtu aliyeshusha mzigo kichwani, ingawa siku hizi ukifika kituo cha polisi ndipo unapojitwika.

Binti Kaole

Samahanini wakubwa, shikamooni. Mmefurahi sana na washairi na wapagazi, mimi naomba niwaharibie kidogo.

Mwalimu, nakubali mambo ya pembe. Lakini mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868 walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Kijiji kizima. Watu wale hawakuanguka kutoka mbinguni. Waliletwa pwani wakiwa wamefungwa, wakanunuliwa ili waachwe huru. Na soko la Unguja, ng'ambo tu hapo, lilifungwa mwaka 1873. Mpaka hapo majahazi yalikuwa yanavuka. Bibi mzaa mama yangu alikuwa anatuambia ukoo wetu "ulikuja kwa miguu". Hakusema zaidi ya hapo na sisi tulikatazwa kuuliza.

Kwa hiyo ninaposikia "ulikuwa mji wa furaha", moyo wangu haubwagiki. Neno moja linaweza kusemwa na watu wawili katika njia moja, mmoja anacheka na mwingine kakata tamaa. Kubwaga moyo kwa aliyefungwa ni kuacha kupigana. Mzigo huo huo wa moyo, lakini huutui wewe, umekushinda.

Nyongeza kwa Mgumu: sisi wanawake ndio wenye neno "tua" siku hizi. Serikali imesema mpaka imechoka, "kumtua mama ndoo kichwani". Hawakusema "kumbwaga". Wanajua ndoo ikibwagwa maji yanamwagika.

Mjuaji wa Temeke

Duh. Binti Kaole kanyamazisha jukwaa.

Mwl. Mstaafu

Marahaba binti yangu. Sina ubishi na bibi yako. Nilichokataa ni kusema kwamba jina *lilitokana* na watumwa peke yao, kama wanavyosimuliwa wageni. Ulichosema wewe ni kitu kingine: kwamba nao wangeweza kulitamka. Hilo nalikubali na ningependa watembezaji walisimulie hivyo, kwa pande zote mbili. Tena wenye mzigo mwingine kabisa walifika hapa. Mwezi wa pili mwaka 1874 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao waliufikisha mwili wake kwa mapadre hawa hawa, baada ya kuubeba tangu Chitambo, Zambia ya leo. Wao walisema nini walipoutua? Maana ule hawakuubwaga.

Mwisho wa Reli

Nimechelewa, mtandao wa huku. Salamu kutoka Ujiji, upande wa pili wa njia yenu. Mnasema mwisho wa safari ni Bagamoyo kwa sababu mmesimama pwani! Kwetu sisi mwanzo wa safari ni ziwa na mkienda huko mnakwenda mbali. Mtu akirudi Ujiji ndipo *kafika*.

Kama Mgumu anatafuta neno la mwisho wa safari ambalo watu wanalisema kweli, siyo la kamusi, basi ni letu: mwisho wa reli. Ukitaja Kigoma, Mtanzania yeyote anamalizia "mwisho wa reli". Wajerumani walianza kuilaza reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, kilomita 1,250 hivi. Na hiyo reli ndiyo iliyoiua Bagamoyo yenu, kwa taarifa. Makao makuu ya Wajerumani yalishahamia Dar es Salaam mwaka 1891, kisha treni ikachukua mizigo yote vichwani mwa watu. Nani abebe pembe miezi mitatu wakati kuna behewa?

Babu yangu mzaa baba alikuwa akisema mpagazi wa zamani alikuwa anaimba akifika, abiria wa treni anauliza choo kiko wapi.

Nacheka lakini kuna kitu. "Mwisho wa reli" limekuja kwetu na utani: mtu akikwambia "wewe ni wa mwisho wa reli" anamaanisha umetoka mbali kusikojulikana, mshamba. Sasa tumelichukua sisi wenyewe, tunajisifia nalo. Hata kofia zinaandikwa. Nadhani jina la mahali linakuwa zuri au baya kutegemea nani kalishika mkononi.

Mwana wa Mvita

Ahsante ndugu wa Ujiji. Ila hebu tazama: "mwisho wa reli" ni jina la chuma, reli imekwisha. "Bagamoyo" ni jina la mtu, yeye ndiye aliyekwisha safari. Mimi nachagua la pili.

Mwisho wa Reli

Chagua unalotaka, samaki wa migebuka hamna.

Mgumu wa Kibosho

Wakuu nimerudi. Shikamoo mwalimu, na ahsanteni wote, nimesoma kila neno, mengine mara mbili, nikamsomea na dada. Dada kasema Binti Kaole aje nyumbani anywe chai.

Sasa nami niseme langu, kwa kuwa nimelala nalo siku mbili.

Safari ya Machame ya siku saba ina kambi sita: Kambi ya Machame, Shira, Barranco, Karanga, Barafu, halafu unashuka mpaka Kambi ya Mweka. Asubuhi ya siku ya saba unateremka msituni kwenye tope mpaka Geti la Mweka. Katika kambi zote sita mzigo tunautua. Hata kama hamna mayai. Nimejiuliza kwa nini, maana begi la nguo la mgeni halivunjiki. Nimegundua unautua taratibu kwa sababu unajua kesho utaupandisha tena. Ukiubwaga unaukasirisha, ndivyo tunavyotaniana. Ngata yako unaiweka vizuri juu ya begi, viatu unavigeuza mdomo chini, kila kitu kinakaa kama kinachosubiri. Hicho ndicho kituo. Mwalimu, umesema kweli kwamba neno limetoka huko, lakini naona kituo kina *kesho* ndani yake.

Sasa njoo Geti la Mweka. Tangu nimeanza kazi sijamwona mgumu hata mmoja akitua mzigo pale. Mizani ipo, getini wakati wa kupanda walikupimia, kilo 20 za mgeni, wakakuandika. Wakati wa kushuka unafika kwenye majani pale karibu na magari, unainamisha kichwa, puu! Mabegi yanaanguka kama nazi. Wageni wanashtuka. Kiongozi yuleyule aliyenisema kwa ajili ya mayai, pale hasemi kitu, na yeye anabwaga lake. Kisha ndipo tunaimba, na tipu zinagawiwa, na mtu anakumbuka kwamba ana magoti.

Kwa hiyo mimi naona tofauti ni hii. Unatua unapopumzika. Unabwaga unapojua kwamba hutaunyanyua tena, angalau ule. Wanyamwezi wale walitua Ugogo, walitua Unyanyembe, kila jioni walitua. Mwisho wa njia, maji ya chumvi mbele, hakuna pa kubeba tena. Ndiyo maana haukuitwa Tuamoyo.

Na Binti Kaole, dada yangu, nimefikiri sana uliyosema. Nilitaka kujibu kwamba mahali hupewa jina na watu wanaorudi. Sisi ndio tuliozipa majina kona zote za mlimani kwa sababu tunazipita kila wiki, mgeni anapita mara moja hana jina la kuacha. Mpagazi alirudi Bagamoyo mwaka baada ya mwaka, mtumwa alipita mara moja. Nikaona nimepata jibu zuri. Halafu nikakumbuka bibi yako hakupita, alibaki. Uzao wake ndio wewe unayeandika. Kwa hiyo jibu langu limevunjika kama yale mayai, silitumii.

Mwana wa Mvita, hilo la kibwagizo nimewapelekea wenzangu kwenye kundi letu la wagumu. Mmoja kasema kumbe ndiyo maana kibwagizo kinarudi kila ubeti: kila safari inaishia Mweka. Mwingine kauliza kama washairi nao wanapewa tipu.

Mwana wa Mvita

Mwambie hatupewi.

Mwl. Mstaafu

"Tuamoyo." Nimeshaliandika kwenye daftari langu. Kijana, ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama zote, kisha ningekukata moja kwa kuingia Caravan Serai bila tiketi.

Mjuaji wa Temeke

Mkuu hujatuambia mwisho. Yale mayai sitini, ilikuwaje?

Mgumu wa Kibosho

Yalipona manne. Mpishi akawapa wageni wanne yai moja moja la kuchemsha, akawaambia mlimani yai zaidi ya moja linaleta kichefuchefu cha mwinuko. Wakamshukuru. Yaliyopasuka alikuwa ameyakusanya kwenye sufuria, akachuja maganda kwa kitambaa, na wagumu wote kambini siku hiyo tulikula chapati za mayai. Jina la Bwaga lilibaki, lakini tangu hapo likiitwa mtu anachekelea.

Deni la mayai nililipa kwenye tipu, Mweka.